Dawa Haziko Porini

Katika nchi yetu ipo sentensi moja isiyokosa makofi. Kiongozi akiitamka jukwaani hushangiliwa. Mhubiri akiitamka madhabahuni huitikiwa "amina". Mwanafunzi akiiandika katika insha yake hutazamia alama. Sentensi yenyewe ni hii: "Dawa zetu ziko porini." Leo naipinga, na naomba nieleweke tangu mwanzo. Siidharau miti, wala siwadharau waganga walioijua miti hiyo kabla ya vyuo vikuu vyetu kuzaliwa. Ninachosema ni kwamba porini kuna mimea, kwamba kati ya mmea na dawa kuna safari ndefu, na kwamba katika safari hiyo ndimo wagonjwa wetu wanamofia huku sisi tukipiga makofi.

Mahali pazuri pa kuanzia hoja hii ni Kibaigwa. Mji huu wa wilaya ya Kongwa, takribani kilomita 100 mashariki ya Dodoma Mjini katika barabara kuu iendayo Morogoro, umejipatia jina kwa soko lake la nafaka. Mahindi ya Kongwa, Kiteto na kwingineko hufika pale kwa malori, hupimwa, hupangiwa bei, kisha huendelea na safari hadi miji ya mbali na hata nje ya mipaka. Mtu wa Kibaigwa hahitaji mhadhara wa kumwambia kwamba hindi lililosimama shambani bado si fedha. Anajua kuna kuvuna, kukausha, kupukuchua, kupepeta, kufungasha, kusafirisha na kupima. Ndipo linapokuja neno bei. Anaijua pia lumbesa, gunia lililorundikwa hadi likaota kilima, ambalo mkulima hulipwa kana kwamba ni gunia moja tu. Mkulima anayejisifu kwa mahindi ambayo hajayavuna huchekwa pale sokoni. Ajabu ni kwamba taifa zima linajisifu kwa dawa ambazo halijazitengeneza, na hakuna anayecheka.

Nitaifunga hoja yangu katika kundi moja tu la dawa: zile za saratani zilizotokana na mimea na zinazofanya kazi kwa kuvuruga mgawanyiko wa seli. Nimelichagua kundi hili kwa sababu Afrika Mashariki imo ndani ya historia yake, na kwa sababu baadhi ya dawa zake ni kongwe kiasi kwamba kisingizio cha hataza za makampuni ya kigeni hakina tena mashiko. Mimi si tabibu. Shahada yangu ya uzamivu hainipi ruhusa ya kumwandikia mtu hata panado. Lakini yaliyo wazi kwa umma yanatosha kumkosesha raia usingizi.

Tuanze na namna zinavyofanya kazi, maana asiyejua dawa inafanya nini hawezi kujua kwa nini jani peke yake halitoshi. Seli ya mwili ikitaka kugawanyika, hunakili kwanza kromosomu zake, yaani vifurushi vibebavyo maagizo ya urithi. Kisha huunda nyuzi nyembamba kutokana na protini iitwayo tubulini. Nyuzi hizo, ziitwazo mikrotubuli, hushika nakala na kuzivuta pande mbili, mithili ya mchezo wa kuvuta kamba, mpaka kila upande upate fungu lake kamili. Hapo seli hukatika katikati, na moja huwa mbili. Saratani ni seli zilizoacha kutii amri ya kusimama. Vincristine na vinblastine huzuia kamba zisisokotwe. Paclitaxel hufanya kinyume chake: huziacha zisokotwe, kisha huzikaza zisiweze kulegea. Njia ni mbili, mwisho ni mmoja: seli hukwama katikati ya kazi na hatimaye hufa.

Lakini seli za saratani si pekee zinazogawanyika. Vinyweleo, utumbo na uboho wa mifupa navyo huzalisha seli kila siku. Ndiyo maana mgonjwa wa saratani hupukutika nywele na kushambuliwa na vidonda vya kinywa. Neva nazo huzitumia nyuzi hizo hizo kama reli za kusafirishia mahitaji yake. Ndiyo maana mgonjwa hufa ganzi vidole. Kwa lugha isiyo na mapambo, dawa hizi ni sumu zilizofugwa. Kuifuga sumu, kuitenga, kuipima, kuijua tabia yake na kuifikisha mahali inapotakiwa bila kummaliza aliyekusudiwa kuponywa, ndiyo kazi ambayo pori haliwezi kuifanya.

Sasa tazama ua moja. Mbele ya nyumba nyingi za Tanzania, zikiwamo zile za miji mikavu ya kanda ya kati, hupandwa ua dogo la petali tano, la rangi ya waridi au jeupe, linalostahimili jua na ukame. Wanasayansi huliita Catharanthus roseus. Asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950, watafiti Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, walilichunguza kwa sababu huko Jamaika watu walinywa chai yake kwa ajili ya kisukari. Kisukari hawakukiponya, ila waliona kwamba kiowevu cha jani hilo kinapunguza chembe nyeupe za damu katika wanyama wa maabara. Mwaka 1958 walitangaza vinblastine. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani nayo ilikuwa ikilichunguza ua hilo hilo, na mwaka 1963 vincristine iliruhusiwa kutumika nchini humo. Dawa hizo zilibadili hatima ya watoto wenye saratani ya damu, saratani ya figo na saratani za tezi.

Kati ya ua la uani na kichupa cha hospitali kuna hesabu, na hesabu hiyo tuifanye Kikibaigwa. Kupata gramu 1 ya vincristine huhitaji takribani tani 2 za majani makavu, yaani magunia 20 ya kilo 100. Dozi ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2. Kwa hiyo kila dozi moja imebeba ndani yake kilo 4 za majani makavu, ambayo yamechujwa mpaka kikabaki kitu kisichoonekana vizuri kwa macho. Jani hilo lina alkaloidi zaidi ya 100, na nyingine miongoni mwake ni hatari. Tena vincristine huingizwa kwenye mshipa. Haifanyi kazi kwa kunywewa kama chai. Kwa sababu hiyo, msomaji yeyote aliyefikiri kwenda kuling'oa ua la jirani na kulichemsha, naomba asubutu kuacha. Atakunywa sumu isiyofugwa.

Naliweka onyo hili waziwazi kwa sababu tuna kumbukumbu ya karibu. Mwaka 2011, taifa hili na majirani zake walimiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakanywe kikombe cha mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Kilisemwa kuwa kinatibu UKIMWI, kisukari, saratani na mengineyo. Foleni za magari zilifika kilomita nyingi, na ndani ya foleni hizo walikuwamo wanasiasa na watu wenye vyeo. Wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa imani ya kikombe kile. Simshitaki mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, wala simcheki mgonjwa. Mwenye kuzama hushika hata unyasi. Ninawashitaki waliokuwa na mamlaka na elimu, wakaona foleni ile wakadhani ni ushahidi wa hazina ya pori, ilhali ulikuwa ushahidi wa umbali wa hospitali. Watu hawaendi kulala barabarani siku nne kwa ajili ya kikombe ikiwa kuna mahali pa kueleweka pa kutibiwa karibu na kwao.

Hapo mtu ataniuliza: kama pori halina dawa, mbona wageni huja kuchukua mimea yetu? Ni swali zuri, na jibu lake liko Shimba Hills, pwani ya Kenya. Mwaka 1972, mkemia S. Morris Kupchan na wenzake wa Marekani walitangaza kiini walichokiita maytansine, kutoka mti wa jenasi ya Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Nacho hushika tubulini na kuzuia kamba za mgawanyiko zisisokotwe, kwa nguvu ya kutisha. Tatizo lilikuwa uchache wake: kilo nzima ya mmea hutoa kiasi kisichofikia hata miligramu chache. Wakatafuta ndugu yake mwenye kiini kingi zaidi, Maytenus buchananii, wakamkuta Shimba Hills, katika nchi ya Wadigo, watu walioujua mti huo kwa tiba zao. Mwaka 1976 zikakusanywa tani zipatazo 27 kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Walipotaka mzigo mwingine miaka minne baadaye, walihangaika kuupata, kwa kuwa mti ulikuwa haujachipua vya kutosha.

Tani 27 ni mzigo wa semitrela moja iliyoshiba, kama zile zinazopakia mahindi Kibaigwa kila msimu. Tofauti ni kwamba semitrela ya Kibaigwa haitoki bila mtu kujua nani ameuza, nani amenunua na kwa kiasi gani. Ile ya Shimba Hills iliondoka na mti, ikaondoka na maarifa ya Wadigo, na wenye maarifa hayo hawakuandikwa popote kama washirika. Hiyo ndiyo lumbesa kubwa kupita zote: gunia limeota kilima, na mwenye shamba hata bei hakutajiwa.

Lakini subiri kabla ya kupiga makofi, maana hadithi haiishii hapo, na mwisho wake unatuchoma sisi zaidi kuliko wao. Maytansine yenyewe ilijaribiwa kwa wagonjwa ikashindwa. Sumu yake ilikuwa kali mno. Iliwekwa kando. Baadaye wanasayansi wa kampuni ya ImmunoGen walipata wazo la kuifunga aina ya sumu hiyo, iitwayo DM1, kwenye kingamwili inayozitambua seli fulani za saratani ya matiti, ili sumu ifunguliwe ndani ya adui na si mtaani. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu dawa hiyo, trastuzumab emtansine, inayouzwa kwa jina la Kadcyla. Ilipoingia sokoni huko, bei yake ilikuwa takribani dola 9,800 kwa mwezi. Na mti wa Shimba Hills? Hauhitajiki tena. Tangu mwaka 1977 watafiti wa Japani walikwisha kugundua bakteria wanaozalisha viini vya jamii hiyo hiyo, na siku hizi sumu hiyo huanzia katika matangi ya kuchachushia, kama pombe. Hata ua letu la uani liko njiani kuachwa: mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wameifundisha hamira kutengeneza malighafi ya vinblastine.

Hebu tulitafakari jambo hilo kwa makini. Miaka hamsini iliyopita waliuhitaji mti wetu. Leo wanahitaji habari zilizomo ndani ya mti, na habari husafiri bila lori. Kijana anayehubiri kwamba utajiri wetu umefichwa porini anailinda ghala ambayo mwizi hana tena haja ya kuivunja. Ni kweli ipo Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inayotaka ridhaa na mgawo wa manufaa kabla ya rasilimali za kijenetiki kuchukuliwa. Ni silaha halali, na tuishike. Lakini mkataba hupimwa kwa anayeujua uzito wa mali yake. Mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa hatuna maabara inayoweza kutuambia ndani ya mmea huu kuna nini na kwa kiasi gani, tutaenda mezani kama mkulima aliyeingia sokoni bila mizani, akimwomba mnunuzi ampimie.

Na maabara hizo hazijaanza kuwaziwa jana. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, nacho kikakua kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa mwaka 1979. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002. Watu tunao, na sheria tunazo. Kinachokosekana ni fedha za kudumu, za kumwezesha mkemia kukamilisha kazi ya miaka 15 bila kusubiri hisani ya mfadhili wa miaka mitatu. Paclitaxel ilianza kama gome la mti wa Pasifiki huko Marekani. Kiini chake kilitangazwa mwaka 1971, Susan Horwitz na wenzake wakaeleza namna kinavyofanya kazi mwaka 1979, na ruhusa ya kutibia ikatoka mwaka 1992. Miaka 21 tangu kiini hadi ruhusa! Nani kati ya wanasiasa wetu ana subira ya vipindi vinne vya uchaguzi? Hata kiowevu cha kuyeyushia paclitaxel hutengenezwa kwa mafuta ya mbarika, nyonyo hiihii ambayo Dodoma iliwahi kuilima kama zao la biashara. Tuliuza mbegu. Wenzetu waliuza maarifa yaliyofuata baada ya mbegu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mpaka hapa nimezungumzia kutengeneza. Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalonikera zaidi: kufikisha. Kwa maana hata tukiamua kwamba kutengeneza ni ndoto ya wajukuu, vincristine ni dawa kongwe, haina tena mlinzi wa hataza, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuikosa hakuwezi kusingiziwa ubeberu. Na bado, shirika hilo hilo linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, wakati katika nchi nyingi za kipato cha chini hawafiki asilimia 30. Ua ni lile lile. Kilichotofautiana ni barabara.

Ifuate barabara hiyo. Mtoto wa Kibaigwa ana uvimbe tumboni. Mama yake anaanzia nyumbani, kisha duka la dawa, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Dodoma. Lazima apatikane mtu wa kukata kipande cha uvimbe na mtaalamu wa patholojia wa kukisoma, maana dawa ya saratani haitolewi kwa kubahatisha. Kisha kichupa kiwepo, na kiwe kimetunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, katika mkoa ambao jua lake halina mzaha. Kisha awepo muuguzi aliyefundishwa, kwa sababu vincristine ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na ikidungwa kimakosa kwenye uti wa mgongo huua. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari na kushauri dawa hiyo iwekwe katika mfuko mdogo wa maji ya dripu badala ya sindano, ili isije ikachanganywa na dawa za uti wa mgongo. Kisha mama arudi wiki ijayo, na ijayo, na ijayo tena, kwa nauli ambayo msimu wa mvua mbaya hauitoi. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo wote ni chuma chakavu.

Kuna saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, ambayo vincristine ni mojawapo ya dawa zake. Uvimbe wake unaweza kukua maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Nawaomba watumishi wa umma wasomao makala haya waisome tena takwimu hiyo. Barua ya rufaa ikikaa mezani Ijumaa mpaka Jumatatu, uvimbe umekwisha kukua maradufu angalau mara moja. Oda ya dawa ikisubiri sahihi wiki mbili, hakuna tena haja ya oda. Seli ile hugawanyika usiku, sikukuu na wakati wa semina. Haijui maana ya mchakato unaendelea.

Na asije mtu akaniambia kwamba hayo hayawezekani Afrika. Limfoma hiyo imepewa jina la daktari Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kuitibu, na hapo Kampala, John Ziegler na wenzake wa Uganda waliionyesha dunia kwamba dawa kadhaa zikiunganishwa zinaweza kumponya mtoto wa kijijini. Wageni walipoondoka katika utawala wa Idi Amin, daktari Charles Olweny aliendelea kukiongoza kituo hicho katika mazingira ambayo wengi wetu tusingeyavumilia kwa wiki moja. Leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ikiwa mtoto alitibiwa Kampala ya Amin, kwa hoja gani tutamnyima huduma mtoto wa Kibaigwa aliye mwendo wa saa mbili kutoka makao makuu ya nchi?

Wilaya ya Kongwa inayo kumbukumbu nyingine ambayo hatuna budi kuikumbusha. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapo na matrekta kulima karanga za kulisha viwanda vya mafuta vya Uingereza. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikawakatalia, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Walikuwa na mashine bila kuijua ardhi. Sisi tunayo ardhi na mimea yake, bila mashine. Majigambo ni yale yale, na mavuno yatakuwa yale yale.

Nadai nini basi? Kwanza, Bohari ya Dawa itangaze hadharani kila mwezi hali ya akiba ya dawa za saratani zilizo muhimu, kanda kwa kanda, kama wafanyabiashara wanavyotangaza bei ya mahindi. Raia hawezi kudai asichokijua. Mwaka 2019 Marekani yenyewe ilipungukiwa na vincristine baada ya mmoja wa watengenezaji wawili kujitoa. Taifa lisilojua akiba yake litapata habari za upungufu kwenye mazishi. Nchi za SADC zilikwisha kuikabidhi Bohari yetu jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja. Dawa hizi ziwe mbele katika foleni hiyo, kwa mikataba ya miaka mingi.

Pili, dozi inayoweza kutolewa Dodoma kwa usalama isimlazimishe mgonjwa kwenda Dar es Salaam, na nauli ya mtoto aliye katikati ya tiba ihesabiwe kama sehemu ya tiba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa karatasi tu ikiwa itamlipia mtoto dawa ambayo hawezi kuifikia.

Tatu, kila mkataba wa kuchukua sampuli za mimea katika ardhi ya nchi hii uwekwe wazi, ukitaja jamii iliyotoa maarifa na mgawo wake. Mganga wa Kigogo au wa Kidigo anayemwonyesha mtafiti mzizi ni mwenza wa utafiti, na jina la jamii yake lina haki ya kuwamo katika hati.

Nne, sisi wa vyuo vikuu. Umoja wa Afrika uliweka lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tuacheni kulitaja katika hotuba za mahafali na tuanze kulidai katika bajeti. Nanyi wanafunzi wangu, iacheni insha ya "hazina iliyojificha". Nileteeni mmea mmoja, jina lake sahihi, mahali ulipotolewa, kiini chake kimetengwa vipi, kinashika nini ndani ya seli na kinaua kwa kipimo gani. Kurasa sita za namna hiyo zinazidi maktaba nzima ya majigambo.

Zaidi ya Watanzania 40,000 hugundulika kuwa na saratani kila mwaka, na hao ni wale tu wanaokadiriwa na wataalamu. Kila Aprili Bunge la bajeti huketi Dodoma, na malori ya Kibaigwa hupita karibu na milango yake. Mwanaharakati anayetafuta swali la kumpelekea mbunge wake, ninalo moja. Asimwulize kama serikali inathamini tiba asili. Atajibiwa kwa hotuba. Amwulize hivi: leo hii, katika jokofu la hospitali iliyo karibu zaidi na Kibaigwa inayotibu saratani, kuna vichupa vingapi vya vincristine, na vitaisha tarehe ngapi?